Siku za Katikati

Benedicta alikuwa jikoni akimenya ndizi aliposikia mtu akikohoa nje ya ua, kikohozi kifupi cha mtu anayetaka kupiga hodi akaona haya. Kisu kikamponyoka. Mwanamke aliyelala ubavuni mwa mwanaume miaka mitatu hahitaji kuchungulia ili ajue kikohozi cha mumewe.

"Ni mkwe," mama yake akanong'ona. Alikuwa amejibanza nyuma ya mlango, maana mama mkwe hajitokezi hovyo mbele ya mkwewe. "Amekuja na baba yake mdogo. Na mtungi wamekuja nao. Weee, Benedicta, mtungi mkubwa huo!"

"Aende nao alikoutoa," Benedicta akasema.

Huo ulikuwa ulimi. Moyo ulikuwa na mambo yake mengine kabisa, unamwenda mbio mpaka ikabidi ashike ukuta. Miezi minne hajamwona Projestus. Miezi minne amekuwa akijiambia kwamba hamtaki, hamkumbuki, na siku akikutana naye njiani atamsalimia tu kama anavyosalimia watu wa mnadani. Haya sasa, ndiye huyo amekuja.

Akachungulia juu ya bega la mama yake. Projestus alikuwa amekonda. Shati lake la Jumapili lilimpwaya mabegani, na vumbi lilikuwa limemjaa hadi kwenye nyusi. Alikuwa anafungua kamba za mtungi kwenye baiskeli, lakini macho hayakuwa kwenye kamba, yalikuwa yanazunguka ua mzima yakitafuta. Yalipofika kwenye mlango wa jiko yakatulia hapo. Benedicta akarudi nyuma upesi, uso umemuwaka.

Ukoo wa mzee Gozbert, baba yake Benedicta, ulikuwa na utaratibu wake wa tangu zamani hapo Kirushya, na haukuwa tayari kuubadilisha kwa ajili ya mtu. Mwanaume ambaye mkewe amerudi kwao akitaka kumchukua, analeta mtungi wa pombe ya ndizi. Wazee wanauzunguka. Lakini hakuna mrija unaoingia kwenye mtungi mpaka mwanaume mwenyewe, kwa kinywa chake, aseme kosa lake ni nini. Akilisema na likasameheka, watu wanakunywa na mke anafunga mizigo. Asipolisema, mtungi unafungwa tena kwenye baiskeli, na unaposhuka kilima ukiwa umejaa, ndoa imekwisha. Ndivyo ilivyo.

Na hapo ndipo Benedicta alipoona giza. Kwa sababu kosa la Projestus, yeye alilijua, na halikuwa kosa la kusemwa mbele ya baba mkwe.

Mwanzoni waliishi vizuri, watu wa Runazi, kijijini kwa kina Projestus huko Biharamulo, wakiwataja kwa mfano. Kisha akabeba mimba ya kwanza, uchungu ukamshika siku mbili, akapelekwa hospitali kwa operesheni. Mtoto, wa kike, alitolewa akiwa ameshafariki. Daktari aliwakalisha wote wawili akawaambia bila kuzunguka: kovu la tumbo la uzazi lisipopewa miaka miwili kupona, mimba nyingine inaweza kulichana, na mama akaondoka. Wakaitikia. Wakarudi nyumbani wakashika hesabu ya siku za kukwepa mimba aliyofundishwa Benedicta na shangazi yake siku chache kabla ya harusi. Waliishika kama watu wanavyoshika Kwaresima. Na bado mwaka haujaisha mimba ikaingia.

Ilitoka yenyewe, changa, kwa damu iliyokaribia kwenda naye. Alipopona na kurudi nyumbani kwake alikuta godoro la mumewe limehamishiwa kwenye chumba cha mahindi. Usiku wa kwanza akadhani ni kwa ajili ya kumpumzisha. Wiki zikapita. Projestus alimletea maji ya kuoga, alimletea mtori, alimwuliza kama amelala vizuri, na hakumgusa hata kidole. Mama mkwe akaanza kuuliza kwa sauti ya kusikika na majirani ni mke gani ambaye mume anamkimbia akalale kwenye magunia. Siku moja Benedicta akachukua kanga zake mbili na rozari yake, akapanda lori, akarudi kwao.

"Benedicta!" Sauti ya baba. "Njoo ukae."

Akajifunga kanga vizuri, akatoka.

Walikuwa wamekaa uani kwenye viti vya miguu mitatu, mtungi katikati, umefunikwa majani ya mgomba. Mzee Gozbert, upande wake wa kulia dada yake, shangazi Theodosia, mwanamke mnene mwenye kicheko ambaye leo alikuwa amekibana. Ng'ambo yao alikaa mzee Pancras, baba mdogo wa Projestus, anautazama mtungi kwa huruma. Projestus mwenyewe alikuwa ameketi chini kabisa, kwenye jani la mgomba, kama desturi inavyodai. Benedicta akakaa kwenye mkeka karibu na shangazi. Hakumtazama mumewe. Lakini alijua anatazamwa, kila mahali alipotazamwa palikuwa panampa joto.

"Mkwe," mzee Gozbert akaanza, "umetoka mbali. Shikamoo yako nimeipokea, habari za mvua tumemaliza. Sasa sema. Binti yangu umemkosea nini?"

Projestus akakunja ncha ya jani alilokalia.

"Nimemkosea, Baba."

"Hilo tumelisikia. Nini?"

Chini barabarani malori ya mahindi ya msaada yalikuwa yanaunguruma kuelekea kambi ya wakimbizi, moja baada ya lingine. Mwaka ule Ngara yote ilikuwa imefurika watu, kuni zinafuatwa mbali, na kelele za malori hazikuisha mchana kutwa.

"Ulimpiga?"

"Hapana, Baba! Haki ya Mungu, sijawahi."

"Una mwanamke mwingine? Maana siku hizi nasikia vijana wa Biharamulo mnakwenda kuuza mihogo kambini, mnarudi na wake."

"Sina, Baba."

"Unalewa?"

Mzee Pancras akaingilia. "Huyu? Hata huu mtungi hakuuonja, nilimwonjea mimi."

Mzee Gozbert akamgeukia binti yake. "Basi sema wewe. Alikufanyia nini?"

Benedicta akainamisha kichwa. Angesema nini? Kwamba mume wangu amehama kitanda? Mbele ya baba aliyemzaa? Kuna maneno ambayo mdomo wa mtoto wa kike hauyabebi mbele ya baba, hata kama maisha yake yote yanategemea hayo. Machozi yakamlenga, akauma mdomo.

"Basi," mzee akasema, akashika magoti yake kama anayeinuka. "Mwanaume asiyelijua kosa lake atalirudia. Mzee mwenzangu, fungeni mtungi wenu."

Projestus akainua uso. Ndipo Benedicta alipomtazama, akashindwa kujizuia, na alichokiona kilimchoma. Macho ya mume wake yalikuwa ya mtu anayezama. Halikuwa jicho la mwanaume aliyemchoka mke. Alimjua, alimjua huyu mtu, na jicho lile halikusema uongo. Basi kwa nini?

"Gozbert, kaa chini," shangazi Theodosia akasema.

"Theodosia..."

"Kaa, kaka yangu. Kuna makosa ya baba na kuna makosa ya shangazi. Nani alimfundisha huyu mtoto mambo ya ndoa, wewe? Ni mimi. Nipe hawa wawili kidogo. Huo mtungi hautachacha zaidi ya ulivyochacha."

Mzee Pancras akaunga mkono haraka sana.

Shangazi akawaongoza hadi nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Akachukua ungo wa maharage, akaketi juu ya gogo na kuwapa mgongo mpana. "Mimi nachambua maharage," akatangaza. "Sioni kitu. Kusikia, hilo siwezi kuwaahidi. Semeni."

Wakabaki wamesimama, mgomba mmoja katikati yao.

"Umekonda," Benedicta akasema. Hakuwa amepanga kusema hivyo.

"Nakula."

"Nani anapika?"

"Mama." Akatabasamu kidogo, tabasamu la upande mmoja lile lile lililomponza Benedicta siku ya kwanza. "Chumvi hatii."

Alitaka kucheka. Badala yake maneno yakatoka yakiwa na machozi ndani yake. "Projestus, nilikufanya nini? Kwa sababu nimekupotezea watoto wawili? Ulikuwa unaniona mchafu? Ungeniambia. Ungeniambia tu, Benedicta, sikutaki, ningeondoka mchana, nisingelala usiku wote nikisikiliza unavyogeuka kwenye magunia!"

"Nisikutake?" Projestus akashika mgomba. "Mimi nisikutake wewe?"

"Ulihama."

"Nilihama kwa sababu nilikuwa nakutaka!"

Mikono ya shangazi ikasimama kwenye ungo.

Projestus akashusha sauti. "Siku ile ya damu, nani alikubeba? Machela mbele alishika Baba Pancras, nyuma nilishika mimi, upande wa miguu yako. Damu ilikuwa inanidondokea mikononi, Benedicta. Kutoka nyumbani hadi barabarani. Nikasema, Mungu wangu, ukiniachia huyu, mimi simgusi tena. Nimemuua kwa tamaa zangu. Daktari alisema tusubiri, tukahesabu, wewe ukahesabu vizuri, kisha mimi nikaharibu."

"Uliharibu nini?"

"Siku ile mvua ilitunasa shambani. Kwenye kibanda." Akabandua ganda kavu la mgomba. "Unaikumbuka?"

Aikumbuke? Alikuwa anaikumbuka kila mvua iliponyesha. Mihogo waliyoichoma, kanga moja waliyojifunika wote wawili, jinsi alivyomfuta maji usoni kwa kiganja chake pole pole kama mtu anayefuta kitu cha thamani.

"Naikumbuka."

"Sikuuliza siku ile. Kila mara nilikuwa nauliza kwanza, siku ile sikuuliza. Ulikuwa bado kwenye siku mbaya, na mimi sikuuliza. Ningelala chumba kimoja na wewe vipi tena? Najijua. Ningekukumbatia. Na nikikukumbatia..."

Benedicta alimwangalia. Miezi minne amelia kwa kutotakiwa, na mtu mwenyewe huku alikuwa anajiona muuaji.

"Haikuwa siku mbaya," akasema taratibu. "Ilikuwa katikati. Damu ilikuwa imekwisha zamani, wiki nzima na zaidi. Kwa hesabu yetu ilikuwa siku nzuri kuliko zote."

"Usiniambie hivyo kwa kunihurumia."

"Sikuhurumii. Hesabu hatukuikosea, Projestus. Tuliishika vizuri kabisa. Hesabu yenyewe ndiyo mbovu."

"Mbovu kivipi?"

Benedicta akavuta pumzi. Alilokuwa analisema sasa alilisema kila siku ya kazi, lakini kwa niaba ya mwingine.

"Unajua nimepata kazi kambini. Kliniki ya akina mama. Yupo nesi mmoja, anaitwa Suzan, Kinyarwanda hakijui, Kirundi hakijui. Yeye anasema Kiswahili, mimi nawaambia wale akina mama kwa Kihangaza changu, kinafanana na lugha zao, wananielewa. Basi wiki ya kwanza mama mmoja, Kankindi, ana watoto sita na hema moja, akauliza ni siku zipi mtu akae mbali na mumewe. Nesi akajibu. Mimi nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Nikamwambia nesi, rudia. Akarudia. Nikamwambia, rudia tena. Wale akina mama wakadhani Kiswahili kimenishinda." Akajifuta macho kwa pindo la kanga. "Alisema siku za katikati ndizo za hatari. Za katikati, Projestus! Zile zile tulizokuwa tunazingoja."

Projestus akatikisa kichwa. "Haiwezekani. Mimi nimekua na ng'ombe. Ng'ombe akitaka dume, siku moja mbili baadaye unaona damu kidogo kwenye mkia. Damu na joto vinakwenda pamoja. Kila mfugaji anajua. Ndiyo maana Shangazi alipotuambia siku mbaya ni za karibu na damu, nilikubali mara moja. Kwa ng'ombe..."

"Projestus."

"Eeh?"

"Mimi si ng'ombe."

Kutoka kwenye gogo kikatoka kicheko kilichokatizwa katikati.

"Damu ya ng'ombe inatoka joto likiwa limepita sasa hivi," Benedicta akaendelea, na sauti yake ikapata nguvu ile ya kliniki. "Ya mwanamke ni kinyume. Damu inakuja kwa sababu mimba haikuingia, mwili unatupa matandiko yaliyokuwa yameandaliwa. Ikikauka, yai jingine linaanza kukua taratibu. Linatoka wiki mbili hivi kabla ya damu inayofuata. Inayofuata, sikia vizuri, si iliyopita. Kwa wanawake wengi ndiyo hapo katikati. Yai lenyewe linaishi siku moja tu."

"Basi siku yenyewe ni moja."

"Nami nilidhani hivyo. Mbegu yako inaishi mpaka siku tano ikilingoja. Kwa hiyo ukija kabla yai halijatoka, bado umo. Ndiyo sababu wanasema ukae mbali siku nyingi kabla, na kidogo baada yake. Zikishapita hizo, za mwisho mwisho kabla ya damu kurudi, ndizo zenye nafuu."

"Na zile za mara baada ya damu? Tulizokuwa tunaziogopa?"

"Zina nafuu kwa mwenye mzunguko mrefu. Mwenye mfupi, yai linawahi, anaweza kunasa hata hapo. Kwa hiyo hakuna siku ya kuapia, nesi analisema hilo kila mara. Mwezi haukai mahali pamoja. Ugonjwa, njaa, safari, kuharibika kwa mimba, vyote vinausogeza."

Benedicta aliona jambo lile likimwingia mumewe kidogo kidogo, na aliona pale lilipofika chini kabisa, kwenye kile alichokuwa amekibeba.

"Kwa hiyo ile mvua..." akaanza.

"Hata ungeuliza, ningekujibu siku ni nzuri. Hukuniua kwa tamaa. Tulidanganyika wote wawili, tukiwa watiifu."

Projestus akaziba uso kwa mikono yote miwili. Mabega yalikuwa yanatikisika. Mwanaume mzima, katikati ya migomba ya wakwe zake, analia bila sauti. Benedicta akauzunguka mgomba uliokuwa kati yao, akamshika kichwa, akakileta shingoni kwake, na miezi minne yote ikamtoka kwa pumzi moja.

"Ebo!" Shangazi Theodosia alikuwa amegeuka, ahadi ya mgongo ameshaisahau. "Subirini kwanza. Unasema katikati ndiyo mbaya? Mimi nimeshika hesabu ile maisha yangu yote ya ndoa! Mume wangu, Mungu amrehemu, nilikuwa namfukuza wakati wa damu, na wiki nyingine nzima baada ya damu, kisha namwita."

"Na ulizaa wangapi, Shangazi?" Benedicta akauliza, bado ameshika kichwa cha mumewe.

"Tisa."

Wakaangaliana. Projestus ndiye aliyeanza, huku machozi hayajakauka, kicheko kikamtoka puani. Benedicta akafuata. Shangazi akatazama ungo wake, akawatazama wao, akarudia kwa sauti ndogo, "Tisa, jamani," kisha kicheko chake kikubwa kikapasuka na maharage yakamwagika yote chini.

Uani mzee Gozbert akauliza kwa sauti kuna nini huko. "Mambo ya shangazi!" Theodosia akajibu.

Lakini kicheko kilipoisha uso wake ulibadilika. Akaketi tena kwenye gogo, safari hii akiwatazama. "Kwa hiyo ni mimi niliyekulaza kwenye machela, mwanangu."

"Hapana, Shangazi."

"Ni mimi niliyekufundisha."

Benedicta akaenda akapiga magoti mbele yake. "Ulinipa ulichopewa. Na aliyekupa alipewa. Hakuna aliyetaka kunidhuru. Keshokutwa kuna binti mwingine wa ukoo atakuja kwako kabla ya harusi yake. Utamwambia hili."

"Nitamwambia," shangazi akasema. Akampapasa shavu. "Nitamwambia kwanza amuulize nesi."

Projestus alikuwa bado amesimama pale, anamtazama mkewe kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza, huyu mwanamke anayeeleza mambo ya yai na mbegu bila kupepesa. Fahari ilimjaa usoni waziwazi.

"Sasa tutafanyaje?" akauliza. "Miaka miwili ya daktari haijaisha."

"Haijaisha, na mimi hesabu peke yake siiamini tena, kwa kovu langu hili. Tangu mimba itoke siku zangu zinaruka ruka. Nesi amesema kuna njia nyingine pale kliniki, lakini anataka kutuona wote wawili, tuchague tukielewa. Wanaume wanakataa kuja."

"Mimi? Kliniki ya akina mama?"

"Wewe."

Akajikuna kisogo. "Na wale akina mama wote wakinitazama?"

"Watakutazama. Mimi nitawatafsiria unavyoona haya."

"Nitakuja," akasema.

"Na kazi yangu siiachi."

"Nani amekuambia uache? Siku za kazi utalala hapa kwenu, mwisho wa wiki nakuja barabarani kukupokea. Jumatatu hii nakurudisha mwenyewe, tupite kwa huyo nesi." Akakaribia, akashusha sauti mpaka shangazi naye akalazimika kuinamisha sikio. "Benedicta. Leo ni siku gani?"

Mashavu yakamuwaka. Alijua. Asubuhi alipokuwa anaoga alikuwa ameuona ule ute mwepesi, unaovutika kama ute mweupe wa yai la kuku, ule ambao nesi huwaambia akina mama wakiuona wajue yai liko njiani.

"Leo ni siku mbaya," akasema. "Kuliko zote. Na kesho, na keshokutwa. Nilikuwa nawaza nikae kwanza, nije wiki ijayo."

"Hapana. Rudi leo."

"Projestus, umesikia nilichosema?"

"Nimesikia vizuri." Akamshika mkono kwa kiganja chake kigumu cha jembe, mara ya kwanza tangu alipohama chumba. "Ukija siku yenye nafuu, utajiuliza maisha yako yote kama nilikuja kuchukua mke au kuchukua kitu kingine. Nataka urudi siku ya hatari. Nilale kitandani petu, wewe upande wako, mimi upande wangu, nikushike mkono tu, kuche. Uamke unikute. Mara ile nilikimbia, sasa nataka uone sikimbii."

Benedicta alipepesa macho, akayapepesa tena, kisha akakiweka kile kiganja shavuni kwake.

Shangazi Theodosia alikuwa ameinama anaokota maharage, na alikuwa anayaokota vibaya sana, maana macho yake hayakuona.

Waliporudi uani mzee Gozbert alikuwa amekwisha kununa. "Haya?"

Projestus hakukaa chini mara hii. Alipiga magoti mbele ya baba mkwe. "Baba, mke wangu aliumwa karibu afe. Mimi nikaingiwa na woga nikamwacha alale peke yake na huzuni yake, badala ya kukaa naye. Hilo ndilo kosa langu. Sina jingine."

Mzee alimtazama dada yake. Theodosia akatikisa kichwa kukubali, mara moja. Mzee akamtazama binti yake, aliyekuwa amevimba macho na amechangamka kwa wakati mmoja, akaamua kwamba kuna mambo hataki kuyajua.

"Benedicta, unakwenda?"

"Nakwenda, Baba. Leo."

"Leteni mirija," mzee akasema, na Pancras akawa ameshaitoa mfukoni.

Mchana ule, jua likiwa limeanza kuinama, walishuka kilima wawili peke yao kuwahi lori mojawapo linalorudi tupu kuelekea Biharamulo. Mzee Pancras walimwacha na mtungi, alisema atafuata kesho, hakuna haraka. Projestus alisukuma baiskeli, kifurushi cha mkewe nyuma. Hawakuongea sana. Karibu na barabara akasema, bila kumtazama:

"Godoro nilishalirudisha chumbani. Juzi."

"Kabla hujajua kama nitakubali?"

"Kabla. Nililala upande wangu. Wako sikuugusa."

"Ukapata usingizi?"

Akatikisa kichwa. "Tangu uondoke sijalala vizuri hata siku moja."

Watu walikuwa wanapita, wanawake wenye kuni, wakimbizi wenye ndoo za maji, na kule kwao mume na mke hawashikani mikono barabarani. Benedicta akaupenyeza mkono wake chini ya wa mumewe, akaushika mpini wa baiskeli pamoja naye.

"Leo utalala," akamwambia.